Gemu inakwenda vizuri, lakini video ninayorekodi inakatakata: tatizo liko wapi?

Winga wa Kihonda (#1)

Wakuu, habari za jioni. Mimi hurekodi mechi za gemu ya mpira kwa ajili ya ligi yetu ndogo ya mtaani, kisha mwenzangu huzitangaza na kuzipandisha YouTube. Wakati wa kucheza sioni kasoro yoyote kwenye skrini, na kihesabu cha fremu (picha moja moja zinazounda video) hakishuki chini ya 60 kwa sekunde. Nikifungua faili nililorekodi, winga anapiga krosi, mpira uko mguuni mwake, na ghafla uko kichwani mwa mshambuliaji. Safari ya katikati haipo. Marudio ya bao ndiyo mabaya zaidi.

Mashine ni kompyuta ya ofisi iliyotumika: prosesa ni Core i5-4590, RAM ni GB 8 kwa kijiti kimoja, diski ni ya kuzunguka ya GB 500, na nimeongeza kadi ya picha ya GT 1030. Natumia Windows 10, narekodi kwa OBS Studio (programu ya kurekodi skrini), 1080p kwa fremu 60 kwa sekunde, na enkoda, yaani kinachobana video, ni x264, inayotumia prosesa. Wapo walionishauri ninunue SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), na wapo walionishauri nitafute mashine nyingine kabisa. Kabla sijatoa fedha ningependa kujua ni kitu gani hasa kinachokata video.

Chumvi ya Uvinza (#2)

Diski hiyo, mkuu. Diski ya kuzunguka inasoma gemu na wakati huo huo unaitaka iandike video. Haiwezi kufanya yote mawili. Weka SSD ya GB 240, utasahau shida.

Fundi wa Ilala (#3)

Kwa heshima zote, mkuu Chumvi, tupige hesabu kabla ya kumtuma mwenzetu dukani. Video ya 1080p kwa fremu 60 isiyobanwa kabisa, kwa mpangilio wa rangi ambao OBS huutumia kwa kawaida, hula takribani MB 187 kwa sekunde, na hiyo kweli ingeishinda diski yake. Lakini OBS haiandiki picha ghafi, inazibana kwanza. Hata akirekodi kwa bitireti (kiasi cha data kwa kila sekunde ya video) ya Mbps 50, yaani megabiti 50, ambayo ni kubwa, anaandika MB 6.25 tu kwa sekunde, maana biti nane ni baiti moja, na diski ya kuzunguka iliyo nzima inamudu kuandika MB 100 na zaidi bila kutoa jasho. Ushauri wa kubadilisha diski ulikuwa na mantiki enzi za Fraps, programu iliyokuwa ikibana kidogo sana na kujaza diski kwa mechi chache.

Winga, fungua dirisha la takwimu ndani ya OBS wakati unarekodi. Utakuta mistari mitatu inayohusu fremu zilizopotea, na kila mmoja una maana yake. Wa kwanza unahesabu fremu ambazo OBS ilishindwa kuzichora kwa wakati, na chanzo chake kwa kawaida ni kadi ya picha iliyoelemewa. Wa pili unahesabu fremu ambazo enkoda ilishindwa kuzibana kwa wakati. Hapo, kwa anayetumia x264, mtuhumiwa ni prosesa. Wa tatu unahusu mtandao, nao una maana kwa anayerusha moja kwa moja tu. Tuletee namba hizo, kwa sababu bila namba sote tunapiga ramli.

Kasuku Mtulivu (#4)

Kabla ya dirisha la takwimu kuna swali la awali ambalo watu hulipita: je, faili lenyewe ndilo lililokatika, au ni kichezeshi kinachoshindwa kulicheza? Nimewahi kumwona mtu akibadilisha mipangilio ya OBS wiki nzima, ilhali faili lake lilikuwa safi. Alirekodi kwa HEVC, mfumo mpya zaidi wa kubana video, na kompyuta yake ya zamani haikuwa na uwezo wa kuifungua HEVC kwa kadi ya picha, kwa hiyo prosesa ilikuwa ikihangaika peke yake.

Fungua faili kwa kichezeshi cha VLC, simamisha pale winga anapopiga krosi, kisha bonyeza herufi E mara kwa mara. Kila mbonyezo unasogeza fremu moja. Mpira ukisogea hatua kwa hatua bila kuruka, faili ni zima na tatizo liko kwenye kutazama. Ukiona picha ile ile inarudi mbonyezo baada ya mbonyezo, halafu mpira unaruka mbali, kukatika kumo ndani ya faili.

Mzee Kipanga (#5)

Kijana, muuzaji wa hiyo GT 1030 alikuambia ni kadi ya kurekodia? Kama alikuambia hivyo, mrudie mkanywe kahawa muelewane. Kadi za Nvidia karibu zote tangu mwaka 2012 zina sehemu maalumu ya kubana video iitwayo NVENC, na watu wengi huamini kwamba ukiona jina la Nvidia basi NVENC ipo. GT 1030 haina. Ndiyo maana umebaki na x264, na x264 inaminya prosesa yenye viini vinne tu, ambavyo gemu nayo inavidai.

Binti Makorora (#6)

Mzee Kipanga yuko sahihi kuhusu GT 1030, ila mambo haya hayaishii kwa Nvidia wala kwa kadi za zamani. RX 6500 XT iliyotoka mwaka 2022 nayo haina sehemu ya kubana video, na kuna watu walioinunua mpya kabisa ndipo wakagundua. Anayetaka kurekodi asome ukurasa wa sifa za kadi yenyewe. Mwaka wa kutoka hausemi kila kitu.

Winga, nami nina swali: chanzo ulichoweka kwenye OBS ni Game Capture au Display Capture? Display Capture inachukua skrini nzima, pamoja na kila kinachotokea juu yake, na gemu ikijaza skrini kwa namna ya kuimiliki peke yake, mara nyingine picha inafika kwa kuchelewa au haifiki. Game Capture inaingia kwenye gemu yenyewe na kuchukua fremu pale inapokamilika. Nilikuwa na laptopu yenye kadi mbili za picha, moja ya Intel na nyingine ya Nvidia. Gemu iliendeshwa na moja, OBS ikaendeshwa na nyingine, na kila fremu ililazimika kuvushwa kutoka kadi hadi kadi. Nilipoingia kwenye mipangilio ya grafiksi ya Windows na kuziweka OBS na gemu kwenye kadi moja, mikwamo ilipungua sana. Sisemi iliisha.

Winga wa Kihonda (#7)

Asanteni sana. Natumia Game Capture, dada Makorora.

Kasuku, nimefanya ulivyosema. Kukatika kumo ndani ya faili: fremu moja inajirudia, wakati mwingine mara mbili, wakati mwingine zaidi, halafu mpira unaruka.

Fundi, namba ni hizi kwa kipindi kimoja cha mechi. Fremu zilizopotea kwa sababu ya kuchora: asilimia 6.1. Fremu zilizoachwa kwa sababu ya kubana: asilimia 18.4. Mstari wa mtandao ni sifuri.

Fundi wa Ilala (#8)

Hapo ndipo panapozungumzika. Unao wagonjwa wawili, na mkubwa ni enkoda.

Habari njema ni kwamba i5-4590 ina kadi ya picha ya Intel ndani yake, nayo ina Quick Sync, teknolojia ya kubana video ambayo Intel iliianza mwaka 2011. Kinachotokea kwenye kompyuta nyingi za ofisi ni kwamba ukichomeka kadi nyingine, BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) inaizima ile ya Intel, na OBS haiioni. Ingia BIOS, tafuta kipengele kinachoruhusu kadi zote mbili zifanye kazi pamoja, kiwashe, kisha weka draiva ya Intel, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Quick Sync itaonekana kwenye orodha ya enkoda. Ubora wake kwa prosesa za kizazi hicho uko chini ya x264 kwa bitireti ile ile, kwa hiyo iongezee bitireti. Nafasi ya diski unayo.

Tabora Usiku (#9)

Naomba niingize jambo ambalo halijatajwa. Kwenye laptopu, kabla ya enkoda na kadi, angalieni chaja. Ya kwangu ilikuwa ikirekodi vizuri, kisha ikaanza kukatakata siku moja bila mimi kugusa mpangilio wowote. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kazi za mashine, nikakuta prosesa imeganda kwenye 0.79 GHz hata gemu ikiwa imewashwa, wakati kasi yake ya kawaida ni zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kumbe chaja ya awali iliharibika, nami nikanunua nyingine ya bei nafuu ambayo pini ya kati haikuwa ikitambulishwa na mashine. Kuna laptopu ambazo zisipoitambua chaja hujibana kasi kwa makusudi, na onyo hutokea mara moja tu wakati wa kuwasha, kwenye skrini nyeusi ambayo hakuna anayeisoma.

Joto nalo ni hivyo hivyo. Feni ikijaa vumbi, prosesa inajipunguzia kasi, na dalili yake ni kwamba dakika za mwanzo za video ni nzuri na zinazofuata ni mbovu.

Chumvi ya Uvinza (#10)

Ndugu zangu, mmenicheka kuhusu diski, lakini Fundi ametoa hesabu ya kuandika tu, akasahau kwamba hiyo diski haiandiki video peke yake. Windows 10 kwenye diski ya kuzunguka inapakua masasisho, kinga ya virusi inalikagua faili la video linapoendelea kukua, na folda ya video ikiwa imeunganishwa na OneDrive, faili linaanza kupakiwa juu kabla hata mechi haijaisha. Fungua Task Manager uone diski iko asilimia 100 wakati hufanyi chochote. MB 6.25 zako, Fundi, zinapanga foleni nyuma ya hayo yote.

Fundi wa Ilala (#11)

Hakuna aliyekucheka, mkuu. Hoja ya kinga ya virusi na OneDrive naikubali, na ni busara kuiondoa folda ya kurekodia kwenye ukaguzi huo. Ila diski ikielemewa kiasi hicho, gemu yenyewe ingegandaganda kwa sababu inasoma humo humo, na Winga anasema gemu iko sawa.

Nahodha wa Mkokotoni (#12)

Wote mnatafuta kilichoelemewa, lakini video inaweza kukatakata hata kama hakuna kilichoelemewa, kwa sababu ya hesabu ya fremu peke yake. Skrini yangu ni ya Hz 144, yaani hubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, gemu inachora fremu 144 kwa sekunde, na OBS inachukua 60. Gawanya 144 kwa 60 unapata 2.4, yaani OBS inaruka mara fremu mbili, mara tatu, bila mpangilio ulio sawa. Takwimu zote zinasoma sifuri, lakini kamera ikigeuka, picha inatetemeka. Niliifunga gemu kwenye 120, ambayo inagawanyika kwa 60 bila mabaki, na mtetemeko ukatulia.

Vivyo hivyo gemu inayokwenda kwa 45 na kurekodiwa kwa 60: kila fremu tatu za gemu zinajaza nafasi nne za video, kwa hiyo moja kati ya tatu inaonekana mara mbili. Ni afadhali kurekodi kwa 30 na kuifunga gemu kwenye 30.

Kasuku Mtulivu (#13)

Hesabu ya Nahodha ni nzuri na inafaa kwa wenye skrini za kasi. Kwa ukamilifu, hata skrini inayoitwa ya Hz 60 mara nyingi ni 59.94 kwa kweli, na ukirekodi kwa 60 kamili, fremu moja itajirudia kila baada ya sekunde 16 au 17. Lakini Winga anapoteza karibu robo ya fremu zake. Hesabu ya aina hiyo haiwezi kula robo.

Mzee Kipanga (#14)

Kasuku, wewe unaona fremu moja katika sekunde 16? Macho hayo ungeyapeleka kwenye chumba cha waamuzi wa video, yangetufaa sana.

Binti Makorora (#15)

Winga, huyo mwenzako anayetangaza anahariri kwa kutumia nini? Nauliza kwa sababu faili laweza kukatika mara ya pili mikononi mwake. Rekodi za simu, na za baadhi ya programu za kurekodi, zina fremu zinazobadilika idadi kila sekunde, na programu za kuhariri hazipendi hivyo: picha inarukaruka na sauti inaachana na midomo. Dawa yake ni kulipitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, na kuchagua idadi ya fremu isiyobadilika. OBS haina shida hiyo, ila mradi wa kuhariri ukiwa umewekwa 30 na video ni ya 60, nusu ya fremu zinatupwa.

Winga wa Kihonda (#16)

Anahariri kwa simu, na mradi wake ulikuwa 30, nimemwambia aubadilishe. Hata hivyo, faili nililolipima ni lile la awali, kabla halijafika kwake.

Kuhusu enkoda: kipengele cha BIOS nimekipata, draiva imekubali, na Quick Sync imeonekana. Fremu zinazoachwa kwa sababu ya kubana zimeshuka hadi asilimia 0.2. Za kuchora zimebaki pale pale, 5.8. Krosi sasa zinaonekana vizuri kwa sehemu kubwa, lakini mchezaji akikimbia na kamera ikimfuata, bado kuna mishtuko, na marudio ya bao hayajabadilika hata kidogo. Kadi ya picha inasoma asilimia 98 hadi 99 muda wote.

Chumvi ya Uvinza (#17)

Na hicho kijiti kimoja cha RAM je? RAM ya aina ya DDR3-1600 kwa kijiti kimoja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde. Ukiweka viwili vinavyofanana unapata 25.6. Sasa kadi ya Intel inabana video kwa kutumia RAM hiyo hiyo ambayo gemu inaitegemea.

Fundi wa Ilala (#18)

Kijiti cha pili hakitamdhuru, lakini tusikipe lawama isiyo yake: fremu zinazovushwa kwenda Quick Sync ni zile MB 187 kwa sekunde za post #3, nazo ni tone ndani ya GB 12.8.

Jibu limo kwenye sentensi ya mwisho ya Winga, post #16. OBS haipeleki picha ya gemu moja kwa moja kwa enkoda. Kwanza inaichora upya kwenye turubai yake, na kazi hiyo inafanywa na kadi ile ile inayoendesha gemu. Kadi ikiwa asilimia 99, OBS inasubiri zamu, na kwa fremu 60 zamu ina milisekunde 16.67 tu. Ikipita, fremu imekwenda. Quick Sync haiwezi kubana picha ambayo haijachorwa. Funga gemu kwenye 60, punguza vivuli na mashabiki wa uwanjani hadi kadi ishuke chini ya asilimia 90, shusha turubai ya OBS hadi 720p, na iendeshe OBS kwa mamlaka ya msimamizi ili Windows iipe kipaumbele kwenye kadi.

Tabora Usiku (#19)

Aongeze pia kuzima ule urekodi wa chinichini wa Xbox Game Bar, programu inayokuja na Windows. Mtu anaweza kuwa na warekodi wawili bila kujua.

Jongoo wa Ujiji (#20)

Samahani kuingilia. Mimi narekodi kompyuta moja kwa kutumia nyingine, kwa kifaa cha HDMI cha bei nafuu chenye mdomo wa buluu ulioandikwa 3.0, na napata fremu 5 kwa sekunde. Je, ni tatizo hili hili?

Kasuku Mtulivu (#21)

Si hili. Vingi vya vifaa hivyo ndani ni USB 2.0, buluu ni rangi ya plastiki tu. USB 2.0 ina Mbps 480, na picha ghafi ya YUY2 ya 1080p kwa fremu 30 inahitaji karibu Mbps 1,000. Badilisha mpangilio wa video wa kifaa kutoka YUY2 kwenda MJPEG, ambayo hubana picha, utafika 30. Ukikwama, fungua uzi wako.

Mzee Kipanga (#22)

Turudi kwa Winga. GT 1030 ziko mbili zenye jina moja. Ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye DDR4, inayopitisha 16.8 tu, na boksi linafanana. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma sifa za kadi ya picha, usome aina ya kumbukumbu. Kama ni DDR4, Fundi atakushushia vivuli mpaka wachezaji wabaki bila viatu, na kadi bado itakuwa asilimia 99.

Winga wa Kihonda (#23)

Nimesoma, mzee. Inasema GDDR5. Game Bar nimeizima; haikuleta tofauti ninayoweza kuipima. Nimeshusha vivuli, na turubai ni 720p sasa: fremu zinazopotea kwa kuchora ni asilimia 1.3, kadi iko kati ya 85 na 92. Mbio za pembeni zinatazamika. Marudio ya bao bado yanakatakata kama zamani.

Kasuku Mtulivu (#24)

Yapime hayo marudio kwa herufi E, peke yake. Kama kila picha inajirudia mara mbili kwa utaratibu, bila kukosea, basi OBS haihusiki; ni gemu yenyewe inayochora marudio kwa fremu 30, na wewe unaigundua kwenye video kwa sababu wakati wa kucheza unakuwa unashangilia.

Winga wa Kihonda (#25)

Mengi yanajirudia mara mbili kwa utaratibu, ndiyo. Lakini kuna mahali panajirudia mara tatu, hasa kamera inapozunguka nyuma ya goli.

Fundi wa Ilala (#26)

Mara tatu ni kadi. Nyuma ya goli ndipo kamera inapolitazama jukwaa zima la mashabiki.

Chumvi ya Uvinza (#27)

Au ni diski inayosoma hao mashabiki.

Mzee Kipanga (#28)

Hilo linapimika: rekodi marudio yale yale mara mbili, kwanza mashabiki wakiwa wamezimwa, kisha gemu ikiwa imehamishiwa kwenye diski nyingine yoyote utakayoazima. Utuwekee asilimia zote mbili hapa.